Walinidai milioni mbili ambazo sikuzikopa

Hii ilikuwa 2024, ule mwaka serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mtu wa Kigoma sina haja ya kumweleza zaidi. Mume wangu anavua dagaa kwa taa pale Kibirizi, kwa hiyo miezi ile alikuwa nyumbani tu, anaamka alfajiri kwa mazoea halafu anakaa barazani anashona nyavu ambazo alishazishona. Mimi nina meza yangu soko la Mwanga, nauza dagaa wakavu na mawese. Dagaa walipanda bei mpaka wateja wakawa wananinunia utafikiri mimi ndiye niliyefunga ziwa, hivyo mawese ndiyo yalikuwa yanatuvusha, nayafuata Simbo kwa madumu, nauza kwa chupa, siku zinaenda.

Sasa siku hiyo narudi jioni Gungu nakuta watu wamekaa kimya. Mume wangu, mama yake, na wifi yangu ambaye alikuwa amekuja kutusalimia wiki moja akawa bado hajaondoka. Bahasha iko juu ya stuli, imeshafunguliwa. Kumbe ililetwa mchana na kijana wa bodaboda, wifi akaipokea, na kwa kuwa "haikuwa imegundishwa vizuri" (maneno yake hayo) akaisoma, tena akaisoma kwa sauti, mpaka jirani akajua nadaiwa kabla sijajua mwenyewe.

Juu imeandikwa NOTISI YA MWISHO kwa herufi kubwa. Inasema nilikopa shilingi 800,000 mwaka 2021 kwa taasisi fulani ya mikopo, nikaacha kupeleka marejesho, na sasa pamoja na riba, adhabu na gharama za ufuatiliaji natakiwa kulipa 2,140,000 ndani ya siku saba, la sivyo mali zangu zitakamatwa na kupigwa mnada. Mhuri wa dalali huo hapo, bluu, mkubwa. Ya mwisho, halafu ya kwanza sijawahi kuiona!

Nikasema hili deni silijui. Hakuna aliyenijibu.

Mnielewe, mjini kwetu mikopo ya kausha damu imeshavunja ndoa nyingi. Mwanamke anachukua kimyakimya, anarejesha kila siku kwa hela ya mboga, mumewe anakuja kujua siku wanapobeba tivii. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na sababu ya kuwaza alichokuwa anawaza, hilo nampa, lakini miaka yote tumeishi naye nyumba moja. Akaniambia taratibu tu, "Mama watoto, sema ukweli, mimi sitagomba." Heri angegomba. Mama mkwe yeye alishavuka hatua hiyo, ameshahukumu na sasa anatafuta suluhu: "Mwanangu, uza vile vitenge vyako, wapelekee hata laki moja watulie, aibu hii itatuingia sote." Nikamwambia mama, nikilipa laki moja leo si nimekubali kwamba nadaiwa? Akasema mimi nina maneno mengi. Wifi yeye akawa anahesabu kwa vidole riba kama inaendelea kupanda.

Yaani wale wa barua walinisumbua, sikatai, lakini waliotaka nilipe kwa nguvu zote ni wa nyumbani.

Usiku sikulala, nikawa naisoma ile barua kwa tochi ya simu. Ndipo nikaona chini ya jina wameweka namba ya simu ya mdaiwa, na siyo yangu. Asubuhi kabla hajatoka barazani nikamwita mume wangu nikamwambia shika simu yangu, piga *106# mwenyewe. Toka enzi zile za foleni za kusajili laini kwa alama za vidole, ukipiga hiyo unaweza kuona namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Akapiga, akaingiza NIDA yangu huku anasoma kwenye kadi, ikaja: namba zangu mbili, anazozijua. Ile ya kwenye barua haipo. Akakaa nayo, akaangalia tena, akasema, "Sasa hii namba ni ya nani?" Ndiyo swali hilo nilikuwa nalingoja toka jana yake jioni.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee wetu yule ana subira, alishaona barua za namna hii tele, akaisoma akaniuliza umesaini popote? Sijasaini. Umeahidi kulipa kwa simu? Sijaongea nao. Akasema vizuri, usisaini kitu wala usitume hata shilingi, akaniunganisha na mama mmoja msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawalipishi. Huyo mama ndiye aliyenifungua macho. Kwanza akasema anayedai ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha, wewe huna kazi ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Pili, mtu hujaweka dhamana yoyote, dalali hawezi kuja kubeba friji yako kwa mhuri wake tu, lazima kuwe na kesi, kuwe na hukumu na amri ya mahakama, na kwenye barua yako sioni namba ya kesi hata moja. Tatu, waulize leseni, kwa sababu toka ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wakopeshaji wa aina hii wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, na wenye leseni wanaogopa sana mtu anayejua kwamba anaweza kulalamika huko.

Tukaandika jibu. Fupi sana, nilitaka kueleza maisha yangu yote humo, uchungu wangu, wifi, kila kitu, akanikatalia. Ikawa tu kwamba nimepokea barua yenu ya tarehe fulani, deni hilo silitambui, naomba nakala ya mkataba, fomu ya maombi yenye picha na sahihi, namba ya kitambulisho iliyotumika, taarifa ya marejesho yaliyofanyika na namba ya leseni ya mkopeshaji, na mpaka nipate hivyo naomba msinifuate nyumbani wala sokoni. Nakala kwa mtendaji wa mtaa. Kijana wa stationeri akachapa, nikatoa kopi mbili, moja ya kwao na moja wanigongee mhuri wa kupokea nirudi nayo. Hapo kwenye mhuri yule mama alinisisitiza kweli, alisema barua isiyo na mhuri wa kupokea watakwambia hawajaiona.

Ofisi ya huyo dalali chumba kimoja, feni, meza, daftari nene la kaunta. Kijana aliyekuwepo wala hakuinua kichwa vizuri. "Mama yangu, kila anayekuja hapa anasema siyo yeye." Nikamwambia basi mdogo wangu, mimi sisemi siyo mimi, nasema nionyeshe. Gonga mhuri kwanza. Akasita, akasema mpaka bosi aje. Nikavuta benchi nikakaa. Mchana ukafika, watu wanaingia, mwingine analia, mwingine anaomba siku mbili, mimi nimekaa tu na khanga yangu nimejifunika magoti. Mwishowe akagonga, nadhani alichoka kuniona.

Baada ya hapo wakaanza simu. Mara nalipa nusu wanafuta nusu, mara tunakuja na gari kesho. Nilikuwa najibu kitu kimoja tu, barua yangu mmeipokea, leteni mkataba. Mwingine akaniuliza huoni aibu mtu mzima kukimbia deni, nikamjibu njoo na amri ya mahakama na mwenyekiti wangu awepo, akakata. Mume wangu alikuwa pembeni anasikiliza, hakusema kitu ila nilimuona anacheka chinichini.

Halafu wakaniita. Faili limetoka kwa mkopeshaji. Nilienda na mume wangu, na hapa nilitaka kweli awepo. Kijana yule yule akafungua fomu, na kusema ukweli nilipoona jina langu limeandikwa kwa mkono pale juu moyo ulinipiga. Jina la kwanza langu, la pili langu. La tatu, la babu, siyo. Anaishi Ujiji, mimi sijawahi kukaa Ujiji hata mwezi. Mahali pa sahihi kuna dole gumba, mimi nasaini toka niko la tano. Mume wangu akasogea akasoma NIDA, akasema, "Kaka, hizi namba nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, huyu amezaliwa 1971, mke wangu ni wa 1989, we huoni?" Kijana akaangalia fomu, akaniangalia mimi, kama vile anapima kama naweza kuwa wa 1971. Nilimwambia asithubutu.

Tukamuuliza sasa mlinipataje? Akasema aliyetumwa kutafuta alifika soko la Mwanga akauliza mtu mwenye majina hayo mawili, akaonyeshwa meza yangu. Basi! Huo ndio uchunguzi wote waliofanya, na gharama za ufuatiliaji zimo humo kwenye milioni mbili.

Akageuza ukurasa, ikatokea picha. "Huyu mama unamfahamu?"

Namfahamu. Alikuwa anauza maandazi karibu na geti la soko, tulikuwa tunaitana wajina, ananishikia meza nikienda kuswali. Mwaka ule wa 2021 mtoto wake aliumwa sana akampeleka Bugando, Mwanza, watu wakachanga lakini michango ya sokoni haifiki mbali, na nikaelewa palepale ile laki nane ilienda wapi. Baadaye alirudi peke yake, akauza maandazi kidogo, halafu akaondoka Kigoma. Alikoenda pia najua.

Nikasema simfahamu. Mume wangu aliniangalia, yeye naye alishakula maandazi yale. Akanyamaza. Kutafuta wateja wao ni kazi yao, mimi walishanipotezea muda wa kutosha, na kama kuna mtu anaona nilikosea kudanganya pale namwachia na maoni yake.

Kuna kitu kimoja kilibaki, barua ya kunisafisha. Kijana alidhani nikiambiwa "samahani mama, nenda tu" nitaondoka nashukuru. Msaidizi wa kisheria alishaniambia mapema, usiridhike na samahani ya mdomo, taarifa za mikopo siku hizi zinapelekwa kwenye mfumo ambao mabenki yanauangalia, jina likichanganywa huko utakuja kunyimwa mkopo miaka mitano mbele bila kujua kwa nini. Walinizungusha hapo, njoo Jumatatu, meneja amesafiri, mpaka nikataja kwamba barua inayofuata nitaiandika Benki Kuu. Ikapatikana. Nusu ukurasa, ina majina yangu yote matatu, inasema sihusiki na mkopo huo na kwamba taarifa zangu hazikupelekwa popote kama mdaiwa. Nikatoa kopi, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mtendaji.

Jioni mume wangu akasema, "Haya mama watoto, yaishe." Nikamwambia yataishaje wakati mama yako bado anaamini niliuza kitu kisirisiri nikalipa, na dada yako ameshalisambaza mpaka Kasulu? Chukua kopi hii, nenda kawasomee, kwa sauti ile ile iliyotumika mwanzo. Akavaa kandambili akaenda. Aliporudi nikamuuliza wamesemaje.

"Mama anauliza kama vile vitenge bado unavyo."