Siku moja maishani mwangu: natembeza wageni Brugge

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka, chai ya haraka haraka, treni kutoka Gent, nusu saa hivi niko Brugge, huku huku Ubelgiji. Nyumbani Unguja mama anawaambia majirani nimekuwa papasi wa Ulaya, wale vijana wanaoandama watalii mitaani, nalipwa kutembea. Mama, papasi hafanyi mtihani kwa Kiholanzi, mi nimefanya.

Saa 3 basi la watalii wa meli likafika kutoka bandari ya Zeebrugge, wako 24. Nikawapa ya kila siku: mji huu ulitajirika kwa vitambaa vya sufu na hori la Zwin, mkono wa bahari, lililoleta meli, afu mchanga ukalijaza, biashara ikahamia Antwerpen, mji ukalala usingizi wa umaskini na ndo maana nyumba za zamani zimebaki, nani alikuwa na hela za kuzibomoa? Huwa naongezea kwamba UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2000, mwaka ule ule na Mji Mkongwe wetu. Hakuna anayejali ila lazima niseme. Begijnhof, makazi ya wanawake wacha Mungu, ya 1245, sanamu ya Bi Mariamu ya Michelangelo, picha, choo, picha.

Saa 5 tukaingia mnara wa kengele wa Belfort na hapo ndo siku ikaniharibikia. Ngazi 366, nilishasema kwenye basi, nikasema tena mlangoni. Bwana mmoja mtu mzima, kamera kubwa shingoni, ananiuliza lifti iko wapi. Namwambia kwa adabu mnara huu ulianza kujengwa karne ya 13. Akasema yeye kalipia kila kitu na kwenye karatasi hawakuandika ngazi. Nikamwonesha zilipoandikwa, akasema herufi ndogo. Bas akapanda kwa hasira, tukafika chumba ambacho zamani mji ulifungia hati zake nyuma ya mageti ya chuma, akapumzika, nikadhani yameisha, kumbe huko juu ngazi zinabana mpaka bega linasugua ukuta, na ni hizo hizo za kupandia na kushukia, yeye akakaa chini katikati akasema haendi juu wala harudi. Wa kushuka wamesimama, wa kupanda wamesimama, mtoto analia, mara kengele nazo zikaanza, ziko 47 mule, unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Nikabeba kamera yake, nikabeba mkoba wake, nikamshika mkono ngazi moja moja mpaka chini huku naomba radhi kwa lugha tatu, na shukrani yake ni kwamba atanishtaki kwa kampuni sikumwandaa.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Viazi vyao vya jadi vinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, sijui kachinjwaje, kwa hiyo mi na chapati yangu kwenye benchi pembeni ya mfereji. Afu boti, afu kuhesabu watu, wako 23, kuhesabu tena, 23, mmoja tukamkuta duka la chokoleti bado anaonja, dereva ananitazama kama mi ndo nimemficha.

Bwana wa kamera kashuka bila kuaga. Ila mkewe kanivuta pembeni kaniambia goti la mumewe lilifanyiwa operesheni mwezi wa pili, bwana alikuwa anaona haya kusema. Sa si ungesema baba, tungekaa wote pale Markt, uwanja wa chini ya mnara, tunywe kahawa.

Usiku miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, meseji ikaingia: kesho watu 30, wameomba mnara. Nimejibu wavae raba.