Siku Moja Maishani Mwangu: Jumapili ya Muuza Vibuyu, Gulio la Mataderos

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Jumapili ya mwisho ya Mei. Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, bado ni giza totoro. Baridi imeshaanza na jua halichomozi mpaka inakaribia saa mbili. Sisi huuza vibuyu vya kunywea kinywaji cha majani cha huku, pamoja na mirija yake ya chuma na visu. Kazi ya kwanza ni kutoka nje kutazama mawingu. Gulio la Mataderos hufanyika barabarani, halina paa, na mvua ikinyesha hakuna gulio. Hewa ikiwa nzito kwa unyevunyevu tunangoja kidogo kabla ya kupakia, kwa sababu ngozi mbichi inayovikwa vibuyu ikilowa hulegea, na ikikauka hukaza pasipofaa, mshono ukapinda.

Mbingu zikiwa safi, tunapakia. Visu na vyuma chini, vibuyu juu, kila kimoja ndani ya gazeti, mdomo ukitazama juu. Sanduku moja lisizidi vibuyu 30. Vikizidi, vya chini hupata ufa ukingoni, na ufa wa ukingoni hauzibiki. Mirija ya chuma hufungwa peke yake, la sivyo itakwaruza pete za madini zilizozungushwa kwenye midomo ya vibuyu.

Saa mbili na nusu tuko kwenye njia panda ya Avenida Lisandro de la Torre na Avenida de los Corrales, magharibi kabisa mwa jiji. Gulio hili lilianza tarehe 8 Juni 1986, na aliyelianzisha ni mwanamke aitwaye Sara Vinocur. Limetandazwa mbele ya matao ya soko la zamani la ng'ombe, jengo la rangi ya waridi, na jina la mtaa lenyewe maana yake ni machinjioni. Ng'ombe hawapo tena. Mnada ulihamishiwa Cañuelas, nje ya jiji, mwaka 2022. Yamebaki matao, makumbusho madogo ya maisha ya wagaucho, wachunga ng'ombe wapanda farasi wa huku, na sanamu ya mswaga ng'ombe juu ya farasi wake, kazi ya Emilio Sarniguet. Mtu akipotea mwambie tu akutane nawe chini ya farasi.

Banda ni mabomba ya chuma, turubai na meza. Wageni wa kazi hii hukaza turubai kama ngozi ya ngoma, kisha upepo wa uwandani unaingia chini yake na banda zima linanyanyuka. Acha mlegeo kidogo, na kila mguu ufungie dumu la maji la lita 20. Halafu geuza meza. Huku kusini mwa dunia jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo vibuyu vinapewa kivuli cha upande huo. Kibuyu kipya hupasuka kwa jua kama kinavyopasuka kwa maji yanayotokota.

Saa tano kamili gulio linafunguliwa, na swali la kwanza la siku ni lile lile: kibuyu kipi?

Kinywaji chenyewe kinaitwa mate. Jina hilo litamchekesha Mswahili, na mzaha hauko mbali na ukweli, maana mrija mmoja huzunguka vinywa vyote vya barazani. Majani yake huitwa yerba, na chombo chake cha asili ni kibuyu, mmea ule ule unaotambaa nyuma ya nyumba zetu. Mezani kuna vya aina tatu: kibuyu kitupu, kibuyu kilichovikwa ngozi, na kile cha bei, chenye ngozi na pete pana ya madini mdomoni. Usichague kwa macho. Kishike, bonyeza ukingo kwa kidole gumba, gonga tumboni kwa ukucha. Chembamba hulia kama debe na hupoza maji haraka. Kinene hutoa sauti fupi iliyofumba, na ndicho cha kuchukua. Tazama pia ndani, chini kabisa: pana kijiti kidogo, mabaki ya kikonyo. Watu wengi hukiona ni uchafu wakaking'oa, na kibuyu kikaanza kuvuja tangu siku ile.

Kuhusu madini, ukiambiwa ni alpaca, hiyo ni shaba, nikeli na zinki. Haina fedha hata chembe. Si mbaya, ila bei iwe ya alpaca. Fedha halisi huwa na muhuri wa 900 au 925, na muuzaji mkweli atakuonyesha ulipo kabla hujauliza.

Kibuyu kipya hakinywewi siku ya kwanza. Hili tunalirudia mara 20 kwa siku, tena kwa kuonyesha. Kijaze yerba iliyokwisha tumika, mwagia maji ya moto yasiyochemka, kiache saa 24. Mwaga, kwangua utando wa ndani kwa kijiko, polepole bila kuchimba, kisha rudia mara moja tena. Baadaye kikaushe kikiwa kimelala ubavu. Ukikisimamisha wima kikiwa kibichi, au ukikifungia kabatini, ndani ya siku mbili kina ukungu. Wanaorudi kulalamika wengi wao ni wa ukungu. Waliobaki ni wa maji ya kuchemka.

Na kunywa kwenyewe: jaza yerba theluthi mbili, funika mdomo kwa kiganja, pindua na utikise ili vumbi lipande juu lisizibe mrija. Laza majani upande mmoja. Upande wa bondeni tia maji ya vuguvugu kidogo, subiri majani yayanywe, ndipo uchomeke mrija, umeziba tundu lake la juu kwa dole gumba. Kuanzia hapo maji ni ya nyuzi 70 hadi 80, yamwagwe karibu na mrija tu. Mrija haukorogwi, kamwe. Anayemimina hunywa cha kwanza, kwa sababu ndicho kikali kuliko vyote. Nawe ukisema "gracias" unaporudisha kibuyu, umesema umetosheka na zamu yako imekwisha. Wageni wengi husema kwa adabu tu, kisha hukaa wakishangaa mbona wanarukwa.

Saa sita unusu, chakula. Kwa kuwa sikukuu ya taifa ya tarehe 25 Mei imepita juzi tu, masufuria yote ni ya locro. Mtu aliyekulia makande ataielewa mara moja: mahindi meupe yaliyopasuliwa, maharage, na boga linaloyeyuka mpaka likawa mchuzi, pamoja na nyama ya nguruwe, soseji na utumbo. Mahindi hulowekwa usiku kucha, kisha chungu hukaa motoni saa tatu au nne. Locro nyepesi ya majimaji ni ya mpishi aliyeharakisha boga. Juu hutiwa mafuta yaliyokaangiwa vitunguu vya majani na pilipili nyekundu ya unga; hayachomi, yanapaka rangi. Asiyekula nguruwe aombe humita, mahindi mabichi yaliyosagwa na kuchemshwa ndani ya maganda yake, lakini aulize kwanza viungo vyake vimekaangwa kwa mafuta gani. Nenda kabla ya saa saba. Baada ya hapo foleni ni ndefu, na kinachobaki chini ya sufuria ni boga tupu.

Saa tisa meza inabaki bila mteja hata mmoja, kwa sababu farasi wameingia. Barabara imemwagiwa mchanga ili kwato zisiteleze kwenye lami. Kwenye tao la juu inaning'inia pete, ndogo kama ya kidoleni. Mpanda farasi anakuja mbio kamili, amesimama juu ya vikuku vya tandiko, mkononi ana kijiti kifupi, na anatakiwa aichomoe pete bila kupunguza mwendo. Wengi hukosa kwa kusimama mapema: farasi huhisi uzito umehama, naye hubadili hatua. Aliyefaulu, kwa desturi, humzawadia mwanamke ampendaye ile pete. Simameni nyuma ya kamba. Farasi akimaliza mbio hasimami pale unapodhani.

Kuanzia saa kumi huja wanunuzi wa kweli, waliokwisha zunguka. Hapa mambo ni ya haraka. Poncho, lile vazi la kujitupia mabegani: omba uzi mmoja wa pindoni, uchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa kitone kigumu. Poncho nyekundu yenye mistari myeusi ni ya Salta, mkoa wa kaskazini mwa nchi. Ukitajiwa sufu ya vikunya, mnyama wa milimani mwenye sufu ghali, kwa bei ya kondoo, cheka uondoke. Kisu: tazama chuma kinapoingia kwenye mpini, pasiwe na mwanya wa kupitisha hata karatasi. Chuma cha kaboni hushika makali vizuri lakini kinataka mafuta kila baada ya kazi, na kisikae ndani ya ala ya ngozi miezi mingi, maana ngozi hunyonya unyevu na kukitia madoa. Anayesafiri kwa ndege akiweke kwenye mzigo wa chini. Viatu vya turubai vyenye soli ya kamba ni vyepesi na rahisi, ila havipendi dimbwi. Soli ikilowa hufumuka. Jirani yetu huchora vibao vya fileteado, yale maua na mazimwi yaliyoanzia kwenye mikokoteni ya farasi, yakaingizwa orodha ya UNESCO mwaka 2015. Ukigusa rangi kabla haijakauka, kibao ni chako.

Kuhusu bei hatuandiki hapa, kwa kuwa peso ya leo si ya mwezi ujao. Taslimu hupata punguzo mabanda mengi.

Saa kumi na moja muziki wa jukwaani unawatoa watu vitini wakacheze barabarani. Chacarera huchezwa wawili wawili bila kugusana, zamba kwa leso mkononi, chamamé kwa kukumbatiana. Asiyejua aanze na chacarera, amfuate aliye mbele yake. Kosa la kila mgeni ni kuendelea baada ya duru kuisha; sikiliza ngoma kubwa, ndiyo inayofunga.

Saa kumi na mbili giza limeingia. Ratiba inasema saa mbili usiku, lakini msimu wa baridi mabanda mengi huanza kufungwa mapema. Wageni wanaelekea kwenye basi namba 126, zaidi ya saa moja mpaka katikati ya jiji. Sisi tunahesabu mirija kwanza, maana ndiyo hupotea, tunamwaga maji ya madumu, tunakunja turubai likiwa kavu. Kibuyu cha maonyesho kinaingia gari mwishoni kabisa: kimemwagwa, kimepanguswa, kimelazwa ubavu juu ya masanduku, mdomo wazi.