Kapi moja la mpunga

Mwezi wa sita huku kwetu Ifakara ni vumbi la mpunga tu. Tulikuwa tunapepeta, upepo ukageuka, kapi likaniingia jicho la kulia. Nikafikicha, nikanawa, kazi ikaendelea. Kulipokucha jicho lilikuwa jekundu, kope zimegandana kwa tongotongo.

Mama mkwe alitaka nidondoshewe maziwa ya jirani aliyejifungua. Nikakataa kwa adabu, si kwa ujuzi wowote, niliona haya tu. Nikaenda duka la dawa, nikapewa matone. Siku tatu zikapita, maumivu yakatulia, wekundu ukafifia, nami nikamsifu muuzaji kwa kila aliyeniuliza.

Siku ya tisa mwanga wa mlangoni ulinichoma kama pilipili. Mume wangu akanitazama, akasema, "Mama Neema, mbona kuna doa jeupe humo?"

Hospitalini daktari alinitia rangi ya njano, akamulika mwanga wa buluu, kidonda kikang'aa kijani. Akaniwekea ganzi, akakwangua kidogo, akapeleka kwenye hadubini: nyuzi za fangasi. Nikamtolea chupa yangu ya dukani. Aliisoma, akaguna. Ilikuwa na steroidi. Yale maumivu yalitulia kwa sababu dawa ilizima uvimbe, huku fangasi wakiendelea kuila konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, bila kizuizi.

"Mama, hiki kidonda kikizembewa kinaweza kutoboa konea, maji ya ndani yavuje," alisema. "Maambukizi yakizama ndani, tunaweza kulazimika kulitoa jicho." Sikuhitaji maelezo zaidi. Kwenye benchi nilikaa na mzee aliyejitibu kwa majani miezi miwili, naye alikuwa na pamba mahali pa jicho.

Nikaandikiwa natamaisini, dawa ya kuua fangasi, tone moja kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za kwanza. Chupa lazima itikiswe, maana dawa hutuama chini kama chokaa. Yalikuwepo na matone ya kupanua mboni, yaliyofanya kila kitu kiwe ukungu, nayo nilitakiwa kusubiri dakika tano kabla ya kuyaweka. Neema alinichorea vijistari 24 daftarini, kila tone tunafuta kimoja. Usiku wa pili simu iliishiwa chaji, kengele haikulia, vijistari viwili vikabaki wazi. Nililia kama mtoto. Kuanzia hapo tukalala kwa zamu, mimi na mume wangu, na jirani akatuachia simu yake.

Baadaye saa zikaongezwa kati ya tone na tone, lakini dawa haikukatwa. Konea haina mishipa ya damu, hupona polepole mno. Kidonda kilifunga wiki ya saba.

Kimebaki chamba pembeni ya mboni. Taa za pikipiki usiku naziona zimetawanyika, na kutunga uzi kwenye sindano nimemwachia Neema. Watu hunishauri nikafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Nawaambia mtoto wa jicho hukaa kwenye lenzi, ndani; hili langu ni kovu la kioo cha mbele.

Msimu huu nimepepeta nimevaa miwani ya plastiki ya fundi seremala. Mama mkwe alicheka wiki nzima, kisha akaiazima.