Tulivyopunguza uniti za umeme wa maji ya moto nyumbani Ngamiani, Tanga

Binti yangu alirudi nyumbani kujifungua mwezi wa Juni, kipupwe kimeshaingia. Kwetu mzazi hatoki arobaini bila kukandwa, asubuhi na jioni, tena kwa maji ya moto hasa, si ya uvuguvugu. Kichanga naye aogeshwe. Mama yangu miguu inamuuma, hawezi kutawadha alfajiri kwa maji ya bomba. Tulikuwa watu tisa kwa hita moja ya koili ya lita 100, nayo ilikuwa ikiwaka tangu asubuhi mpaka tunalala. Umeme wa elfu kumi ukawa haumalizi siku mbili.

Nilianza kwa kupima, kwa kuwa kila mtu alikuwa na chake cha kukilaumu: huyu friji, yule feni, mwingine televisheni. Kwa siku tatu niliandika salio la luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kila baada ya Isha. Siku tatu zilizofuata nikazima hita kabisa, tukachemsha maji kwa mkaa. Tofauti ilikuwa uniti 8 kwa siku. Nyumba yetu inapita uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo hatumo kwenye ile bei ya chini ya wanaotumia umeme kidogo. Uniti moja pamoja na kodi zake ilikuwa inatutoka kama shilingi 356. Maji ya moto peke yake yalikuwa yanakula shilingi 2,850 kwa siku, kama 85,000 kwa mwezi. Nilikaa na kile kidaftari mkononi muda mrefu.

Kubaki na mkaa sikutaka. Moshi ule unaingia chumbani kwa mzazi na mtoto wa wiki mbili.

Nilichokitaka kwanza ni hita ya jua, na mpaka leo namwambia mwenye paa imara aanzie huko, jua halina luku. Lakini nyumba yetu ni ya zamani na boriti za upande mmoja zimeliwa na mchwa. Seremala alipanda, akagonga-gonga, akashuka akitikisa kichwa. Lita 200 ni kilo 200 za maji, bado uzito wa tangi lenyewe.

Aliyenifungua macho ni fundi friji anayetutengenezea jokofu. "Dada, weka mkono nyuma ya friji yako," akaniambia. Pana joto. "Hilo joto friji imelitoa ndani, ikalitupa nje. Sasa ipo mashine inayolichukua joto la hewa ya uani na kulitia kwenye maji." Ndiyo hita ya pampu ya joto. Koili inatengeneza joto kutoka kwenye umeme, uniti kwa uniti. Pampu inatumia umeme kuendesha feni na kompresa tu, yaani mota inayosukuma gesi. Joto lenyewe inalikusanya hewani kwa gesi inayozunguka kwenye mabomba. Kwa uniti moja ya umeme maji hupata joto la uniti tatu hivi. Hewa ikiwa ya joto kazi inakuwa nyepesi zaidi, na Tanga hewa ya joto hatuinunui.

Zamu yangu ya upatu ilipofika nikaagiza ya lita 200 kutoka Dar es Salaam. Pamoja na usafiri, fundi na sakafu ya zege ya kuisimamishia, ilinitoka shilingi 2,750,000. Kabla ya kulipa, fundi alisoma kibandiko cha gesi: R134a, ileile iliyo kwenye friji nyingi na magari. Aliniambia gesi hiyo anayo dukani, ikivuja atajaza mwenyewe. Shauri hilo lilikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Wiki ya kwanza nilikata tamaa. Tuliiweka ndani ya stoo ya uani ili isiibiwe, mlango tukaufunga. Luku ikaonyesha inakula uniti 5 kwa siku, na maji hayapati moto mpaka usiku. Mama ndiye aliyeligundua tatizo. Aliingia stoo kuchukua ungo akatoka akijikunyata: "Mwanangu, humu mbona baridi hivi?" Mashine ilikuwa inavuta hewa, inainyang'anya joto, inaitema baridi mlemle ndani, kisha inaivuta hiyohiyo tena. Tukaitoa tukaiweka chini ya upenu, ikazungushiwa wavu wa chuma wenye kufuli, hewa ikawa inapita huku na huku. Uniti zikashuka hadi 2.6.

Ina taratibu zake. Haina haraka kama koili; tangi lote linataka saa nne hivi kupata moto. Kwa hiyo taima tumeitega ianze saa sita mchana, hewa inapokuwa na joto kuliko wakati wote, na ikifika saa kumi maji yako nyuzi 55. Yanatutosha jioni, na yanalala na moto wake mpaka alfajiri. Mara moja kwa wiki naipandisha hadi 60 kuua vijidudu vinavyopenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama. Nimeifungia pia kifaa cha kuilinda umeme unaposhuka na kupanda, maana kompresa haivumilii hali hiyo.

Kwa mwezi naokoa kama shilingi 57,000, yaani pesa niliyotoa itarudi baada ya miaka minne. Jirani yangu anaishi na mumewe tu, na alipoomba ushauri nilimwambia asinunue. Kwa watu wawili azime hita yake wakishaoga, ashushe na themostati, kile kidude cha kupangia joto la maji, inatosha.

Ninachokihofia sasa ni chumvi ya bahari, inakula chuma hapa mjini kama mchwa walivyokula boriti zetu. Kila mwisho wa mwezi nazima swichi na kuyaosha mapezi ya mashine, vile vibati vyembamba inapopita hewa, kwa maji baridi, taratibu yasipinde. Ndani ya tangi mna fimbo ya madini ya magnesiamu inayoliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Fundi atakuja kuitazama baada ya Ramadhani.