Mabaka meupe kwenye bamba la kioo na plastiki

Kila bamba nililotengeneza kwa kukandamiza matabaka ya uzi kwenye mashine ya joto lilitoka na mabaka meupe. Nikilikata, nyuzi za kioo zinachomoka kavu kama nywele. Uzi wenyewe ni mchanganyiko: nyuzi za kioo na za polipropilini (aina ya plastiki) zimelazwa pamoja, ili plastiki ikiyeyuka ikilowanishe kioo. Nilishuku uzi. Kumbe ni joto! Mashine ilionyesha nyuzijoto 190, lakini waya wa kupimia joto nilioupenyeza katikati ya matabaka ulisoma 158, na polipropilini huyeyuka karibu na 165. Nikasubiri katikati pafike 185 ndipo nikakandamiza, na sikuachia mpaka bamba lilipopoa hadi 80. Usiharakishe hapo kwenye kupoza: ukiachia mapema, matabaka yanaachana. Sasa bamba ukiligonga linalia, na mkato wake umeshikana vizuri.