Kiganja cha mjomba

Mjomba hakuanza na salamu. Aliinama, akaweka kiganja kwenye mapezi ya injini, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa. Ndipo akamnyooshea mwenye pikipiki mkono.

"Habari ya asubuhi, ndugu. Hii imetoka wapi saa hizi?"

"Haijatoka popote, mzee. Nimeipasha kidogo tu kwa ajili yenu."

"Basi tutaingoja ipoe."

Ilikuwa Busia, upande wetu wa Uganda, mwaka 2016, saa mbili asubuhi. Mimi ile pikipiki nyekundu aina ya Boxer nilikuwa nimeshaipenda tangu jioni ya jana yake. Tangi lilikuwa linang'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu, na kiti kipya kilikuwa bado na nailoni yake. Mama alikuwa ameuza ng'ombe wawili, akanikabidhi shilingi 2,300,000. Jambo ambalo mjomba hakulijua, na ambalo lilikuwa linanikaba koo, ni kwamba elfu hamsini nilikuwa nimeshaziacha kama arubuni, bila hata karatasi, eti isije ikachukuliwa na mwingine.

Tukaenda kwenye kibanda cha chai. Nilidhani tunapoteza muda, kumbe mwenzangu kazi alikuwa ameshaianza zamani.

"Mita inasomaje?"

"Elfu kumi na nane."

"Na imebeba abiria kwa muda gani?"

"Amesema miaka mitatu."

Akamega chapati. "Bodaboda wa hapa anakwenda kilomita mia kwa siku. Hata ukimwachia Jumapili zake, mwaka mmoja unapita elfu thelathini. Hizo nyingine zilikwenda wapi, mbinguni?"

Kebo ya mita ikichomolewa, namba zinasimama huku magurudumu yanaendelea. Kwa hiyo yeye mita haisomi. Anasoma mpira wa kiki na vikanyagio. Mpira wa kiki ya ile pikipiki ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia. Mimi nilikuwa nimeiangalia saa nzima na hilo sikuliona. Nilikuwa natazama rangi.

Tuliporudi injini ilikuwa imepoa kabisa. Kabla ya kuwasha, akaisimamisha kwa stendi ya katikati, akaniambia nikalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Akazungusha usukani polepole kwa vidole viwili. Ulipofika katikati ukanasa kidogo, kama droo mbovu. "Beringi za shingo," akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji. Akaivuta cheni kwa nyuma ya sproketi. Ikaachana na meno hadi kidole kingepita. Meno yenyewe yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja.

"Haya, iwashe."

Mwenye pikipiki akapiga kiki. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Jasho likaanza kumtoka. Injini iliyopashwa moto huitika upesi na kuficha mengi. Ndiyo sababu wauzaji wengine huamka mapema. Ya nane ikawaka, na moshi wa buluu ukatoka. Mjomba akavuta mafuta, akaachia, akavuta tena. Moshi ule ungetoka mwanzoni tu ukaisha, angesema ni mipira ya valvu. Lakini ulikuja kila alipovuta: ringi za pistoni, na pengine silinda yenyewe. Akashika kitambaa cheupe nyuma ya ekzosi, kikarudi na madoa ya oili.

Nikamwona bado hajakasirika. Kwake ringi si kifo, angezibadilisha mwenyewe gereji kwake Tororo. Namba za fremu na za injini, niseme ukweli, zililingana na logibuku, yaani kitabu cha umiliki, kwa hiyo hapo hapakuonekana dalili ya wizi. Nikaanza kupata matumaini.

Akaomba spana. Akafungua kiti, akalinyanyua tangi, akachungulia nyuma ya shingo ya fremu. Rangi ya pale ilikuwa mpya kuliko kwingine kote. Akaikwangua kwa ufunguo wa nyumba yake, na chini ya rangi ukatokea mshono wa kuchomelea, umevimba, umelizunguka bomba lote. Nilipitisha kidole. Ulikuwa na mikwaruzo kama kovu la panga.

"Ndugu, hii iligonga nini?"

"Mimi nimeinunua hivyohivyo, mzee."

Mjomba akarudisha tangi taratibu, akafunga kiti, akamrudishia spana yake. Kisha akanigeukia. "Twende. Moshi ningeutibu. Hii shingo ikikatika tena, unabaki umeshika usukani mkononi na abiria wako nyuma."

Ndipo ikabidi niseme kuhusu arubuni. Mwenye pikipiki alikataa katakata: amewafukuza wateja wawili kwa ajili yangu, amechoma na petroli. Mjomba hakubishana naye hata kidogo. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ile fremu, akatangulia stendi.

Jioni mama alizimwaga noti mkekani, akazihesabu.

"Elfu hamsini iko wapi?"

"Imekwenda na moshi, mama."

Akazikusanya, akalowesha kidole, akaanza kuhesabu upya.