Ingia ndani ya moyo, kisha twende bucha

Miwani ya uhalisia pepe, ile inayokufanya uone kama umo ndani ya picha, tunayotumia shuleni kwetu ni boksi. Nasema boksi kweli, la katoni, lenye lenzi mbili na nafasi ya kuchomeka simu. Google waliyaleta mwaka 2014, wakaacha kuyauza 2021, lakini mchoro wake uko wazi kwa yeyote mwenye wembe na rula. Gharama iko kwenye simu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo, kwa hiyo zinazotumika ni za walimu, na simu nyingi za bei yetu hazina gairoskopu, yaani kile kifaa cha ndani kinachoiambia simu kwamba kichwa kimegeuka. Bila hicho utapinda shingo mpaka iume na picha bado imekuganda usoni. Ijaribu simu nyumbani kabla hujaliahidi darasa.

Mada iliyonufaika kuliko zote ni moyo. Kwenye kitabu moyo umechorwa bapa, bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili, na mtoto anaukariri hivyohivyo mpaka mtihani. Ndani ya boksi anasimama katikati ya ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, anatazama juu, na vali, vile vilango vya damu, zinafunguka na kufungwa juu ya kichwa chake. Hapo maswali yanaanza. Mtaala wetu ni wa Kiingereza, ila sijawahi kusikia mtu aliyevaa boksi akishangaa kwa Kiingereza. "Madam, hizi kamba za nini?" Ni nyuzi zinazoishikilia vali isipinduke damu inapoisukuma kutoka chini. Nilikuwa nazitaja kila mwaka, na kila mwaka zilikuwa zinapita kama upepo.

Lakini kuna jambo ambalo boksi haliwezi kulionyesha. Ukiwa ndani ya chumba huoni unene wa ukuta wake. Na unene ndio habari yenyewe: ventrikali ya kushoto ina ukuta mnene kuliko ya kulia kwa sababu inasukuma damu mwili mzima, ilhali mwenzake anaipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Kwa hiyo wakishavua boksi tunahamia kwenye moyo wa ng'ombe. Mwenye bucha namwambia mapema aniwekee uliochanwa kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa mkaguzi wa nyama huuchana moyo kutafuta vifuko vya tegu. (Hilo nalo ni somo, na huwa naliingiza palepale.) Mwanafunzi anapitisha kidole kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, anakata, anaweka rula kwenye ukuta huu na ule, anavuta zile kamba kwa mkono wake. Nikilazimishwa kuchagua kimoja, nachagua moyo wa bucha bila kufikiri mara mbili. Ila aliyetoka kwenye boksi anajua anachokitafuta, wakati zamani nusu ya darasa walikuwa wanaangalia nyama.

Kwa seli nimekuwa mwangalifu zaidi. Chembe nyekundu ya damu inakujia ikiwa pana kama meza, na mtoto anaondoka na ukubwa huo kichwani. Basi nawapa hesabu. Chembe hiyo ina kipenyo cha takriban mikrometa 7.5. Ikionekana na upana wa sentimita 75, imekuzwa mara ngapi? Jibu ni 100,000. Haya, mkuze na mwenzako wa mita 1.6 mara hizohizo. Anakuwa na urefu wa kilomita 160: akilala miguu ikiwa hapa Morogoro, kichwa kinakaribia Dar es Salaam. Kelele zinazofuata humleta mwalimu wa darasa la jirani mlangoni. Rangi nazo nawaambia wazisahau. Mitokondria, zile sehemu za seli zinazoipa nishati, hazina ile rangi ya machungwa. Aliyechora ndiye aliyeamua.

Halafu kuna kizunguzungu. Wapo wanaovaa, na muda si mrefu wanataka kutapika, hasa picha inaposafiri na wao wameketi. Wanafunzi hao nawavulisha mara moja, wanakaa, wanakunywa maji. Darasa zima ninaliuliza kwa nini. Macho yanasema tunakwenda. Ile mifereji mitatu ya nusu duara ndani ya sikio, ambamo majimaji husogea kichwa kinapogeuka, inasema hatujatikisika. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana. Kidato cha tatu wanasoma sikio, na sehemu hii ilikuwa ngumu kwao kwa sababu hakuna anayeyahisi masikio yake yakifanya kazi hiyo. Sasa ninaye shahidi aliyeketi dawati la mbele, kijasho kinamtoka.

Zaidi ya dakika tano simwachi mtu ndani ya boksi. Wengine wakisubiri zamu wanachora, kwa penseli, kwa sababu Baraza la Mitihani litawaletea karatasi.

Kama una simu ya zamani yenye gairoskopu imelala kabatini, hata kama kava la nyuma limepasuka, naihitaji kabla hatujafika kwenye figo.